Ile Nyumba ya Kwenye Picha Si Yangu

Najua nimepotea. Zamu za usiku zimenikamata mwezi mzima, nikitoka wodini ni kulala kama gogo. Leo niko ofu, nikaona niandike, maana meseji zimekuwa nyingi tangu niweke zile picha za mama akiwa Florida, ameketi barazani na kikombe cha chai, maji yanameremeta nyuma yake.

Mjomba ndiye aliyefunga kazi. Aliniandikia: "Hongera mpwa wangu kwa kununua nyumba Marekani. Sasa hata bati za nyumba ya bibi zitapatikana."

Mjomba, shikamoo. Nyumba si yangu. Tulilala humo siku 5, tukarudi Indianapolis kwenye fleti yangu ya chumba kimoja mnayoijua. Nilichopanga ni pointi za mtu. Najua hilo halieleweki, kwa hiyo kaeni niwape historia yake toka mwanzo. Ndani yake mna kisa changu pia, na mna ukweli ambao mdogo wangu ananidai.

Sisi manesi tunaelewa zamu. Wodi ni moja, lakini asubuhi ni ya huyu na usiku ni wa yule. Huku kuna watu wanamiliki nyumba za likizo kwa mtindo huo huo, na wenyewe wanauita taimushea. Nyumba moja inagawanywa kwa wiki za mwaka, na kila wiki inauzwa kwa mtu wake. Ni kama mchezo wa kina mama, ila hapa kinachozunguka ni funguo badala ya pesa.

Jambo hili lilianzia Ulaya miaka ya 1960. Mwaka 1963 ilianzishwa Hapimag kule Uswisi. Wanachama walinunua hisa, hisa zikawapa pointi, na pointi ndizo zilizolipia siku za kulala kwenye nyumba za kampuni. Marekani jambo lilishika kasi kwa sababu ya shida. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, uchumi uliyumba, na wajenzi wa Florida wakabaki na fleti mpya zisizo na wanunuzi. Asiyeweza kununua fleti nzima akauziwa wiki moja. Mwaka 1974, hapa hapa mji ninaoishi, Jon na Christel DeHaan, mtu na mkewe, wakaanzisha RCI, kampuni ya kuwasaidia wenye wiki kubadilishana. Una wiki ya Florida lakini unataka milima? Unaiweka ya kwako, unachukua ya mwenzako.

Biashara hii ilikuwa na sifa mbaya, maana wauzaji wengi walikuwa wasumbufu na waongo. Ikaanza kuvaa suti pale majina makubwa yalipoingia: Marriott mwaka 1984, kisha Disney mwaka 1991. Disney hawakuuza wiki, waliuza pointi. Unanunua idadi fulani, na kila mwaka unapewa upya mpaka mkataba uishe. Mikataba ya mwanzo inaisha tarehe 31 Januari 2042, kwa hiyo kuna watu wamenunua likizo ambazo watawaachia wajukuu. Siku za kawaida chumba kinakula pointi chache, Krismasi kinakula nyingi. Ukikosa kuzitumia mwaka huu, unaweza kuziweka akiba ya mwakani, au ukakopa za mwakani uzitumie leo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye kiini. Pointi zina tarehe ya kufa. Muda ukipita, zimekwenda. Lakini ada ya matunzo haifi. Utumie usitumie, uumwe, uachishwe kazi, ufiwe, kila mwaka unailipa.

Hapo ndipo kupangisha kulipopata nguvu. Mtu ana pointi zinazokaribia kufa na ada inamsubiri. Mwingine anataka kwenda Orlando na bei ya hoteli inamtisha. Pointi huwezi kumkabidhi mtu mkononi kama funguo. Mwenyewe anaingia kwenye akaunti yake, anaweka nafasi kwa jina la mgeni, na mgeni anamlipa yeye.

Walikutanaje? Zamani ilikuwa tangazo la gazeti au rafiki wa rafiki. Mwaka 1993 wenye taimushea walianzisha umoja wao kwenye intaneti, TUG, wakaanza kuambiana ukweli ambao wauzaji walikuwa wanawaficha. Miaka ya mwanzo ya 2000 wapenzi wa Disney walikuwa wakibandika matangazo wenyewe kwa wenyewe: nina pointi kadhaa, zinakufa mwezi fulani, nani anazitaka? Bei iliyozoeleka ilikuwa kama dola 10 kwa pointi. Hapakuwa na ofisi wala risiti ya serikali. Kilichomlinda mtu ni sifa yake. Watu walitazama huyu ameonekana hapa miaka mingapi, nani amewahi kupanga kwake, je alitimiza? Wageni wasioonana walitumiana mamia ya dola kwa ahadi tu. Nikisoma hayo nakumbuka duka la pale kona kwetu, mtu anachukua unga kwa sababu mwenye duka anamjua mama yake.

Halafu ukaja mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008. Waliopoteza kazi walibaki na ada. Wiki zilizonunuliwa kwa maelfu zikawekwa mnadani eBay kwa dola 1, na nyingine hata hiyo dola hazikuipata. Waliotaka kubaki na zao walipangisha ili ada ijilipe. Wapangishaji walipokuwa wengi, madalali nao wakanenepa. Dalali anapokea pesa ya mgeni, anampa mwenye pointi sehemu, nyingine anaitoa baadaye, na cha kwake kinabaki katikati. Jamani, dalali ni yule yule wa Kariakoo, tofauti ni kwamba huyu hakupeleki kukiona chumba! Bei nayo ikapanda mwaka hadi mwaka. Siku hizi dola 20 kwa pointi, na zaidi, ni jambo la kawaida.

Mwaka 2020 kila mtu aliona udhaifu wa mpango huu. Mwezi Machi hoteli za Disney zilifungwa kwa sababu ya korona. Nafasi zikafutwa, pointi zikarudi kwa wenyewe, nyingine zikiwa zimebakiza muda mfupi tu. Mgeni alikuwa amelipa, na mkataba ulisema pesa hairudi. Mwenye pointi naye alikuwa ameshalipia ada. Nani abebe hasara? Wapo waliorudishiana, wapo waliopeana tarehe nyingine, na wapo walioishia kutukanana. Sheria za mkataba zilikuwa zile zile kwa wote. Ilitegemea umekutana na mtu wa namna gani.

Mimi nilianza vibaya. Nilipojua mama amepata viza, nikatafuta nyumba yenye jiko. Mama ana kisukari, na sikutaka ashinde kwenye vyakula vya kukaanga mahotelini siku zote hizo. Nikampata mtu mwenye maneno matamu na picha nzuri, bei chini ya wenzake. Akaniambia nitume dola 400 za kushikilia nafasi, kwa njia ile ya kutumiana marafiki ili kukwepa makato. Nikatuma. Simu yake haijapokelewa mpaka leo.

Mdogo wangu, ile Januari niliyokwambia mshahara umechelewa, haukuchelewa. Ada yako ya chuo ndiyo iliyoliwa na tapeli huyo, nikaogopa kusema. Nesi mwenye digrii, ninayesoma dozi mara tatu kabla sijampa mgonjwa dawa, sikusoma hata mara moja ninamtumia nani pesa. Ulilipiwa mwezi uliofuata, najua, lakini ulisimamishwa mtihani kwa ajili yangu. Naomba unisamehe.

Mara ya pili niliuliza kama ninavyouliza mgonjwa mpya. Namba ya uthibitisho iko wapi? Nikaiangalia mwenyewe kwenye mfumo wa hoteli, nikaona jina langu na la mama. Mkataba tukautia saini wote wawili. Malipo yakapita kwenye kadi, ambako kukitokea wizi naweza kulalamika.

Mwenye pointi alikuwa bibi mmoja mjane. Mumewe alizinunua miaka ya 1990, kwenye hoteli ile ya kwanza ya Disney iliyofunguliwa mwaka 1991, inayoitwa Old Key West tangu mwaka 1996. Sasa magoti hayamruhusu kusafiri, lakini ada inakuja kila mwaka. Aliniambia kama nusu ya kodi niliyompa ilikwenda moja kwa moja kulipia ada. Kwangu mimi, pointi 140 kwa dola 19 zilikuwa dola 2,660. Ni pesa nyingi, nilikusanya kwa zamu za ziada, ila hotelini wangenitoza zaidi ya dola elfu moja juu ya hapo.

Kabla hatujaondoka akaniomba kitu kimoja. Yeye na mumewe walikuwa wakinywa kahawa kwenye baraza zinazotazama maji. Kama tukipata nyumba ya upande ule, je, nitampigia picha aone miti imekuaje? Tuliipata. Ile picha ya mama na chai nilimpigia yeye kwanza, ninyi mlifuata. Mama alikuwa ametoka kusonga ugali kwa unga nilioubeba toka Indianapolis, na sukari yake asubuhi ile ilikuwa nzuri kuliko wiki nzima iliyopita. Bibi alijibu kwamba miti imekuwa mirefu sana.

Wengine mtaniuliza kwa nini nisinunue pointi zangu. Nilipiga hesabu. Kwa siku 5 za raha ningejifunga ada ya kila mwaka mpaka uzeeni, ili siku moja nami nitafute mgeni wa kunisaidia kuilipa. Hapana, acha nipange kwa wenye nazo.

Mjomba, bati nitachangia, usiwe na wasiwasi. Ila mchango utakuwa wa nesi anayepanga, usije ukaandikisha jina langu kwenye daftari la matajiri. Mama anawasalimu, anasema baraza ya kwetu ina upepo mzuri zaidi.

Nawapenda wote. Aliyetapeliwa na dalali huko nyumbani naye atuambie hapo chini, tusichekwe peke yetu. Tuonane nikipata ofu nyingine.