Mtoto anaingia mchana: siku ya masomo katika shule ya msingi pembezoni mwa Dar es Salaam

Mtoto wako anaishi kwa shangazi yake Mbagala. Unapiga simu Jumanne saa nne asubuhi, na anayepokea ni mtoto mwenyewe. Leo hajaenda shule? Kabla hujagomba, muulize kwanza: unaingia asubuhi au mchana?

Kwa nini kuna kuingia mchana

Pembezoni mwa Dar es Salaam watu wameongezeka haraka kuliko madarasa. Kwa sensa ya 2022, Temeke peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.3, na Kinondoni karibu 980,000. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani wakaandikishwa, na hilo ni jambo jema, lakini vyumba havikutosha.

Kiwango kinachokusudiwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Shule iliyozidiwa hugawa watoto makundi mawili. Kundi la kwanza huingia asubuhi na kutoka adhuhuri, la pili hukalia madawati hayohayo hadi jioni. Wengi huita shifti.

Siku inavyokwenda

Tuchukue darasa la tatu linaloingia mchana. Kila shule ina ratiba yake, lakini siku hufanana na hii.

Watoto hupanga mstari, na mwalimu wa zamu hukagua kucha na sare. Kisha vipindi vinaanza. Kuanzia darasa la tatu, kipindi kimoja ni dakika 40. Darasa la kwanza na la pili ni dakika 30.

Hisabati. Shule nyingi huliweka mapema, akili zikiwa hazijachoka. Mwalimu anaandika ubaoni: una shilingi 2,000, umenunua madaftari mawili ya shilingi 500 kila moja, utarudishiwa ngapi? Wanaojua wananyoosha mikono, wengine wanachungulia daftari la jirani.

Kiswahili. Watoto wanasoma kwa sauti, kisha wanaandika imla. Hapa ndipo penye hatari katika darasa lililojaa. Darasa zima likisoma kwa pamoja, asiyejua kusoma hufuata sauti za wenzake, na mwalimu hawezi kumtambua.

Kiingereza. Shule hizi hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo. Lakini mtoto akifika sekondari, karibu masomo yote yatafundishwa kwa Kiingereza. Dakika hizi 40 zina uzito kuliko zinavyoonekana.

Mapumziko. Vitumbua, mihogo ya kukaanga, barafu. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula mchana, na hana hela, atakaa vipindi vilivyobaki na njaa.

Sayansi. Ni somo linalopendwa, hasa mwalimu akiwatoa nje kutazama mizizi na majani ya mmea wenyewe.

Historia ya Tanzania na Maadili, au Jiografia na Mazingira. Mtoto anajifunza nchi yake, desturi zake na mahali anapoishi.

Sanaa na Michezo. Kuimba, kuchora, kukimbia. Muda ukibana, hili huwa la kwanza kuibiwa dakika.

Vipindi 6 vya dakika 40 ni saa 4 kamili. Hiyo ndiyo siku yote. Kundi jingine lina zamu yake, kwa hiyo ni vigumu mwalimu kubaki na wachache awarudishie somo.

Mbona ndugu wawili wana masomo tofauti?

Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na unapanda mwaka hadi mwaka. Chini ya mtaala huu elimu ya msingi ni miaka sita, na Kiingereza kinaanza darasa la kwanza. Waliokuwa darasa la nne au zaidi mwaka 2024 wanaendelea na mtaala wa zamani, wenye Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili, hadi darasa la saba. Kwa mpangilio huo, darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja mwaka 2027.

Mzazi uliye mbali ufanye nini

Kwanza, omba upigiwe picha ya ratiba ya darasa na utumiwe kwenye simu. Ukiwa nayo, utajua Jumanne saa nane mtoto yuko kwenye somo gani.

Pili, uliza anafika saa ngapi. Anayeingia mchana huenda shule peke yake, watu wazima wakiwa kazini. Wanaopanda daladala hulipa nauli ndogo, na makonda wengine huwaacha kituoni. Kama kipindi cha kwanza ni Hisabati karibu kila siku, anayechelewa nusu saa anapoteza somo lilelile kila mara. Matokeo yakija mabaya, mtasema hana kichwa cha hesabu.

Tatu, usiishie kuuliza "mmesoma nini leo?" Mwambie akusomee aya moja kwenye simu, ya kitabu ambacho hajakikariri. Dakika mbili zinatosha kujua kama anasoma au anafuata sauti za wenzake. Akikwama, mwombe shangazi aende kwa mwalimu wa darasa mapema, kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Mtoto wa darasa la tatu bado ana mwaka mmoja wa kurekebisha.