SHA au bima ya kampuni: tofauti ni ipi?

Wasikilizaji wetu wengi huuliza: bima ya serikali na bima ya kampuni, ipi inafaa? Tuzilinganishe.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF. Sheria inamtaka kila mkazi ajiandikishe. Mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima, mfugaji au mwenye kibanda hukadiriwa mapato ya nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mchango huo humfaa mlipaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wanaomtegemea.

Mchango wa SHA hufuata mapato. Mgonjwa wa kisukari na mtu mzima wa afya, mapato yao yakilingana, hulipa sawa. Kampuni ya bima hutazama umri wako, maradhi uliyo nayo na idadi ya watu unaowalipia. Mzee hulipa zaidi, na pengine hukataliwa. Tena, mara nyingi mama aliye mjamzito hawezi kununua bima leo akalipiwa kujifungua mwezi ujao. Faida yake ni kwamba huweza kukufikisha hospitali za kibinafsi na kulipa gharama zinazozidi kiwango cha SHA. Basi ni nyongeza tu. Wajibu wa kulipa SHA unabaki.

Wengi hukwama hapa: kujiandikisha si kulipa. Aliyejiandikisha hutibiwa kwenye zahanati na kituo cha afya cha umma kwa pesa za serikali. Lakini akilazwa, akijifungua au akipasuliwa kabla ya kulipa mchango, bili ni yake.

Kwa hiyo, piga *147# mapema, ufuate maelekezo. Na ukitaka kununua bima ya kampuni, uliza kwanza mambo manne: ni maradhi gani hayalipiwi, kikomo cha malipo ni kiasi gani, utangoja muda gani kabla ya kuitumia, na ni hospitali gani ya karibu inayoikubali. Kadi ya hospitali iliyo mbali haitakufaa mtoto akizidiwa usiku.