Madarasa ya Ubatizo Nyanchwa

Misheni ya Waadventista Wasabato ilifika Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ilitokea Gendia, karibu na Ziwa Victoria, ilikoanzishwa mwaka 1906. Haikupata utulivu mapema: Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, na misheni ikaporwa.

Mtu hakubatizwa siku aliyoamini. Alianzia darasa la wasikilizaji, akapanda hadi darasa la ubatizo, na safari hiyo ilichukua muda mrefu. Kusoma kulikwenda pamoja na imani, kwani muumini alitarajiwa kuifungua Biblia mwenyewe. Ndiyo sababu shule na kanisa vilikua bega kwa bega.

Elimu hiyo haikuwa kikwazo kikubwa kama mwenendo. Mwanafunzi aliacha busaa, tumbaku na nyama zilizokatazwa, akaitunza Sabato hata msimu wa palizi ulipobana. Mgumu zaidi ulikuwa mlango wa mwenye wake wengi, kwa sababu katika jamii ya Abagusii wake walishikilia mashamba, watoto na heshima ya boma. 

Mwishoni mtahiniwa aliulizwa maswali mbele ya waumini, nao wakaridhia kabla ya kuzamishwa majini. Baada ya hapo masomo yaliendelea kila Jumamosi katika Shule ya Sabato.