Bomba la Hewa Haligeuzi Gari Kuwa Mashua

Pita Kirinyaga Road, Nairobi, uone Land Cruiser zikifungwa vyuma: bampa nzito mbele, keria juu, taa za ziada, na lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Wenye magari wengi watakwambia ni swag tu. Lakini vitu hivi havikuanza kama urembo.

Mwaka 1953, mbio za Coronation Safari zilianzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo hazikufungwa: ng'ombe, malori na watu walikuwa humo humo. Kwa miaka mingi zilifanyika Pasaka, mvua ikinyesha. Ndiyo maana magari ya Safari yakajulikana kwa vyuma vya kukinga wanyama, taa kubwa za usiku, na baadaye bomba la kuvuta hewa kutoka juu, injini isimeze maji wala vumbi.

Sasa vyuma hivyo viko mjini. Bampa ya kumkabili nyati inakutana na mtoto anayevuka kwenda shule. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, ukaweka sheria za vyuma vya mbele mwaka 2005. Na mafuriko ya Aprili 2024 hapa Nairobi yalitufunza jingine: bomba huisaidia injini kupumua, basi. Mkondo ukitaka kulibeba gari, utalibeba na bomba lake.

Kwa hivyo kabla hujamlipa fundi, jiulize: gari hili linaenda wapi kweli?