Bodi ya gari iliyochomelewa upya: jinsi ya kuikinga dhidi ya kutu Juba

Mvua za Juba huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba, wakati mwingine hata Novemba. Kwa fundi wa bodi za magari, miezi hiyo ndiyo inayofichua kazi ipi ya kiangazi ilifanywa sawasawa, na ipi ilifunikwa tu kwa rangi.

Katika Hai Mauna, mmoja wa mitaa ya mji mkuu huo wa Sudan Kusini ("hai" ni mtaa kwa Kiarabu cha Juba), gari halitupwi kwa sababu ya tundu kwenye madigadi. Sehemu iliyooza hukatwa, kipande cha bati huwekwa mahali pake, kisha huchomelewa. Magari mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na yale yanayotoka bandari ya Mombasa kupitia Uganda humalizia safari kwa barabara ya Nimule, yenye kilomita 192, iliyowekwa lami mwaka 2012. Pamoja nayo wamekuja mafundi kutoka Kenya, Uganda na Congo. Wapo pia Wasudan Kusini waliokulia ukimbizini Kenya, ndiyo maana katika gereji za Juba Kiswahili si lugha ngeni.

Malalamiko ya wateja hufanana: kiraka kipya kimeoza kabla ya bati la zamani lililo kando yake. Mara nyingi lawama humwangukia muuza bati, ilhali chanzo ni moto wenyewe. Bati la magari mengi ya kisasa hupakwa zinki kiwandani ili lisishike kutu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 za Selsiasi na kugeuka mvuke ifikapo 907, hali chuma huhitaji nyuzi zipatazo 1,500 ili kiyeyuke. Kwa hiyo kabla mshono haujashika, kinga ya pembeni yake imekwisha kupotea, na imepotea pande zote mbili za bati. Upande wa nje utapigwa msasa na kupakwa rangi. Upande wa ndani, uliomo katika uvungu wa mlango au wa kizingiti chake, hubaki uchi, na kutu huanzia huko.

Kinga basi huanza kabla ya moto. Bati husuguliwa hadi ling'are, na pale vipande viwili vitakapolaliana hupakwa praima ya zinki inayopitisha umeme, kwa sababu baada ya kuchomelea hakuna brashi itakayofika hapo tena. Waya hasi wa betri huondolewa ili umeme wa mashine usiharibu vifaa vya gari.

Mshono ukishapoa, kazi isiyopendeza huanza. Vijiti vya kuchomelea huacha gamba gumu juu ya mshono. Likiachwa, hunasa unyevu chini yake na kuibandua rangi baadaye. Ligongwe kwa nyundo ndogo, lisuguliwe kwa brashi ya waya, kisha pafutwe kwa kitambaa chenye thina. Hata jasho la vidole linatosha kuacha alama ya kutu.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na mara nyingi si kwa kukosa ujuzi bali kwa kukosa fedha. Mteja hulipa kidogo kidogo. Gari lililochomelewa husimama uani kwa wiki kadhaa likisubiri malipo, bati likiwa wazi. Msimu wa mvua, usiku mmoja unatosha kuligeuza kahawia. Anayepaka puti juu ya kutu hiyo ameifungia ndani, kwa kuwa puti hufyonza maji. Praima ya kawaida ya kijivu nayo hupitisha unyevu. Inayozuia maji vyema ni praima ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Ni busara malipo ya kwanza yajumuishe gharama yake, ili gari lisubiri fedha zilizosalia likiwa limefunikwa.

Saa ya kupaka nayo ina uzito. Bati linapaswa kuwa na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho unyevu wa hewani hugeuka umande. Asiye na kipimo asipake alfajiri wala mara baada ya mvua. Asubiri jua likaushe bati.

Rangi ikikauka, na si kabla, nta ya maji hupulizwa ndani ya uvungu kupitia matundu yaliyomo. Rangi haishiki juu ya nta. Matundu madogo ya chini ya milango yasizibwe, maana ndiyo yanayotoa maji. Wengine hupulizia oili chafu ya injini kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Huzuia maji kwa muda, lakini hulainisha mipira, huchafua ardhi, na siku gari litakapochomelewa tena huweza kushika moto.

Fundi naye ana mwili wa kulinda. Mvuke wa zinki huleta homa na baridi kali saa chache baada ya kazi. Imani iliyoenea kwamba maziwa huondoa sumu hiyo haina msingi. Kinachosaidia ni kufanya kazi mahali penye hewa na kuikwangua zinki kabla ya kuichoma. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo wala ule wa rangi.

Mnunuzi wa gari lililokwisha tengenezwa anaweza kulipima kwa sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Pale inapokataa kushika, chini yake kuna puti nene. Zulia la ndani nalo lifunuliwe, hasa karibu na vizingiti na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa, kwani mshono ulioliwa na kutu hapo unaweza kuachia gari linapogongwa. Kila mwaka kabla ya Aprili, matundu ya milango yazibuliwe kwa waya, na rangi iliyotoa malengelenge ikwanguliwe wakati tundu lingali dogo kuliko sarafu.