Ngeli, Jinsia na Miungu: Dai la Bleek mbele ya Visasili vya Kale

Mwaka 1864 kilichapishwa mjini London kitabu kidogo cha ngano za wanyama kutoka kusini mwa Afrika, nyingi zikiwa za Wakhoekhoe. Mhariri wake alikuwa Wilhelm Bleek, mwanaisimu wa Kijerumani aliyetunza maktaba mjini Cape Town, na ambaye kwake taaluma ya isimu inadaiwa jina "Bantu". Ngano zenyewe zinaburudisha: bweha anamhadaa simba, mnyonge anamzidi akili mwenye nguvu. Hata hivyo, iliyoacha alama katika historia ya taaluma ni dibaji yake, kwani humo Bleek alitoa dai ambalo kila msomi wa lugha za Kibantu anapaswa kulijua.

Dai lilikuwa hili. Lugha zinazogawa nomino zake katika jinsia ya kiume na ya kike humzoeza msemaji kuviona viumbe visivyo binadamu, yaani wanyama, jua, mwezi na nyota, kana kwamba ni watu wenye nafsi. Katika mazoea hayo ndimo zinamozaliwa ngano za wanyama na visasili vya miungu ya mbinguni. Kinyume chake, lugha za ngeli kama Kizulu, na kwa mantiki hiyo hiyo Kiswahili, hazina jinsia ya namna hiyo; kwa hiyo wasemaji wake hawakupata ngazi ya kupandia hadi kwenye visasili, wakabaki na ibada ya mizimu ya wahenga wao. Kwa ufupi, Mbantu alinyimwa miungu na viambishi vyake mwenyewe.

Ni rahisi leo kulibeza wazo hili, lakini kwa wakati wake halikuwa la mtu mjinga. Tasnifu ya Bleek huko Bonn, mwaka 1851, ilihusu jinsia za nomino katika lugha za Afrika, na alizijua lugha hizo kuliko wengi waliomsoma. Aidha, hali ya elimu ilimuunga mkono. Huko Oxford, Max Müller alikuwa akifundisha kwamba visasili ni maradhi ya lugha: maneno ya kale ya kueleza mbingu na alfajiri yalisahauliwa maana, yakageuka majina ya watu wa kubuni. Ushahidi wake mkuu ulikuwa jina moja. Zeus wa Wayunani, Jupiter wa Warumi na Dyaus wa nyimbo za Kisanskriti wote wametoka katika shina moja lenye maana ya mbingu angavu, na hilo halijapingwa hadi leo. Tena visasili vyote vilivyosomwa sana Ulaya wakati huo, vya Uyunani, Roma, Uhindi na Misri, vilitoka katika lugha zenye jinsia. Misri hata ilionekana kulithibitisha dai hilo kwa namna ya pekee: neno la mbingu katika Kimisri cha kale ni la jinsia ya kike na la ardhi ni la kiume, na kweli Nut, mungu wa mbingu, ni mwanamke aliyejiinamisha juu ya mumewe Geb, ambaye ni ardhi. Uyunani mpangilio huo umepinduliwa, nao Ouranos ni mume na Gaia ni mke. Sarufi yaweza kumvika mungu vazi lake. Hilo halina budi kukubaliwa.

Swali ni kama sarufi ndiyo inayomzaa. Jibu lilikuwa bado limefukiwa kwenye vifusi vya kusini mwa Iraki.

Kisumeri, mojawapo ya lugha za kwanza kabisa kuandikwa duniani, hakina jinsia ya kiume na ya kike. Kina makundi mawili ya nomino: moja la watu na miungu, jingine la wanyama na vitu. Kiambishi "-ani" kilimaanisha "yake" kwa mtu au mungu, awe mume au mke. "-Bi" kilimaanisha "yake" kwa ng'ombe, mto au nyumba. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekikuta Kisumeri kwa mara ya kwanza hahisi ugeni mkubwa, maana yeye naye hutumia "yeye" bila kuuliza jinsia. Hata neno "nin", ambalo aghalabu hutafsiriwa "bibi", limo katika jina la Ninhursag, mungu wa kike, na limo vilevile katika majina ya Ningirsu na Ninurta, miungu wa kiume na mashujaa wa vita.

Je, lugha hiyo isiyo na jinsia ilikosa visasili? Inanna anashuka kuzimu kupitia malango saba, na katika kila lango anavuliwa pambo au vazi, hata anafika uchi mbele ya dada yake Ereshkigal, anageuzwa maiti na kutundikwa. Enki anafinyanga viumbe wawili kwa uchafu wa kucha zake ili wamwokoe. Inanna anapanda tena, lakini lazima mtu ashike nafasi yake kuzimu, na anayechukuliwa ni mumewe Dumuzi. Ni vigumu kutaja kisasili cha kale kilicho kizito kuliko hiki.

Waakadi, waliorithi miungu ya Wasumeri, walisema lugha ya Kisemiti yenye jinsia kamili. Mtu angetazamia kwamba hapo sarufi ingetawala. Kumbe jina la mungu wao mkuu wa kike, Ishtar, halina kiambishi cha kike, na Waarabu wa kusini wa zamani walikuwa na Athtar, jina la asili hiyo hiyo, aliyekuwa mungu wa kiume. Jua nalo lilikuwa mungu wa kiume Babeli na wa kike Ugarit, ingawa lugha zote mbili ni za Kisemiti na neno lenyewe ni moja.

Ushahidi mwingine ulitoka Uturuki. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Hattusa kuanzia mwaka 1906 yalisomeka baada ya Bedřich Hrozný kuonyesha, mwaka 1915, kwamba Kihiti ni ndugu wa Kiyunani na Kilatini. Miongoni mwake mlikuwamo utenzi wa Kumarbi. Alalu anatawala mbinguni miaka 9, anapinduliwa na Anu. Anu naye anatawala miaka 9, kisha Kumarbi anamng'ata sehemu za siri na kuzimeza, akapata mimba ya mungu wa dhoruba atakayemnyang'anya enzi. Mfanano na Hesiod, aliyetunga yapata mwaka 700 K.K., ni mkubwa mno kuwa sadfa: Ouranos anakatwa na mwanawe Kronos, na Kronos anaangushwa na Zeus. Basi Zeus ana jina la urithi, lakini kisa cha kutwaa kwake enzi kimetoka mashariki. Kihiti hakitenganishi jinsia ya kiume na ya kike, na Kihuri, lugha ya watu ambao Wahiti walikipata kwao, hakina jinsia kabisa. Kisa mashuhuri cha Wayunani kilikomaa, kwa hiyo, katika vinywa ambavyo kwa nadharia ya Bleek havingeweza kukitunga.

Kwa upande wa Kiswahili, pingamizi lilichapishwa mapema. Swahili Tales ya Edward Steere, ya mwaka 1870, ina paa anayesema, anayeposa kwa niaba ya bwana wake na kulipwa ubaya. Sarufi haikumzuia mtambaji wa Unguja; pengine ilimsaidia, kwa kuwa Kiswahili huwapa wanyama upatanisho wa watu. Kiboko ana umbo la ngeli ya KI-VI, lakini "amekuja", hakusemwi "kimekuja". Mungu mwenyewe ana umbo la M-MI katika wingi wake, "miungu", huku akipatanishwa kama mtu anapotajwa kwa umoja.

Bleek hakuhitaji kufika Unguja wala Babeli. Kuanzia mwaka 1870 yeye na shemeji yake Lucy Lloyd waliandika, nyumbani kwake karibu na Cape Town, masimulizi ya wafungwa wa jamii ya ǀXam, wasemaji wa lugha isiyo na jinsia ya kiume na ya kike kama ile ya Wakhoekhoe. Katika masimulizi hayo jua lilikuwa mtu aliyeangaza kwa kwapa lake, hadi watoto walipomnyemelea usingizini na kumrusha angani. Mwezi ni kiatu cha ǀKaggen, vunjajungu, alichokitupa juu gizani. Bleek alifariki mwaka 1875. Lloyd alifanikiwa kuchapisha sehemu ya daftari hizo mwaka 1911.