Ahadi tano za Wabudha, na namna vita ilizijaribu

Kule Sri Lanka, kisiwa cha kusini mwa India, kila siku ya mwezi mpevu ni siku ya mapumziko. Inaitwa Poya. Siku hiyo pombe haiuzishwe, wauza nyama wanafunga milango, na Wabudha, ambao ni karibu watu 70 kwa 100 inchini, wengi wanavaa nguo nyeupe na kuenda hekaluni. Kule njo wanarudilia ahadi tano:

1. Kutoua chenye uhai, mutu ao nyama.
2. Kutochukua kitu ambacho hawakupewa.
3. Kutofanya zinaa.
4. Kutosema uongo.
5. Kutotumia pombe na vitu vya kulewesha, juu mulevi anavunja kwa urahisi zile ine zingine.

Hizi si amri za Mungu. Mutu mwenyewe anasema: nachukua zoezi la kuachana na jambo hili. Akianguka, anaanza tena.

Nia njo inapimwa

Mwenye kukanyaga sisimizi bila kuona hakuvunja ahadi. Lakini mwenye kutuma mwingine aue, yeye pia ameivunja, hata kama mikono yake haikugusa kitu.

Kazi nayo iko ndani. Budha alitaja biashara tano ambazo mufuasi wake haruhusiwi kufanya: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Ni kusema, haitoshi kutopiga risasi kama unakula kupitia bunduki unazouzisha.

Wakati wa vita

Vita ya Sri Lanka ilianza 1983 na kumalizika 2009, kati ya jeshi la serikali na waasi wa Tamil Tigers. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Wabudha wenyewe waligawanyika. Kuko watawa waliounga mukono jeshi, wakisema inchi na dini lazima zilindwe. Wengine walisema ahadi ya kwanza haina «isipokuwa». A. T. Ariyaratne, Mubudha aliyeanzisha shirika la Sarvodaya mwaka 1958, alikusanya makundi makubwa ya watu wakae kimya pamoja, watafakari juu ya amani.

Ahadi ni ile ile kwa wote, na kila mwezi mpevu wote wanairudilia. Kuisema ni kazi ya dakika chache. Kuichunga wakati jirani amekuwa adui, pale njo mutu anajulikana.